Somo la 7: Hofu Katika Nyumba ya Wageni

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 20, Mwanzo 31:19-35, Mwanzo 35:1-4, Waamuzi 13, Mhubiri 9:5-10, Marko 6:45-52, 1 Yohana 4:18.

Fungu la Kukariri: Waamuzi 13:23. Likariri kutoka katika Biblia yako mwenyewe, kwa lugha unayosali nayo usiku.

Wengi wetu tunaweza kutaja mafungu manane juu ya hali ya wafu bila kufungua Biblia. Tuliyajifunza katika darasa la ubatizo, na tumewafundisha wengine. Lakini mafungu yanayotamkwa vizuri kanisani saa nne asubuhi hupata tabu kutamkwa saa nane usiku, katika chumba usichokijua, umeme umekatika, na kitu kinakwaruza darini. Na kama mko wawili kitandani, linakuja swali jingine ambalo hakuna anayelisema kwa sauti: je, huyu aliyelala kando yangu anaamini ninachoamini mimi?

Juma hili hatutashindana kuhusu nyumba ipi ina mapepo na ipi haina. Tunaamini kwamba Shetani yupo na kwamba malaika zake wanafanya kazi (Waefeso 6:12). Tutaangalia jambo lililo karibu zaidi nasi, yaani kile ambacho hofu ya kishirikina humfanyia mume na mke. Hofu ya namna hiyo haitosheki kuuliza kuna nini humu. Baada ya muda mfupi huuliza ni nani, na mtu wa kwanza kutazamwa huwa ni yule aliye karibu zaidi.

Kiongozi wa darasa, usilichukue somo hili kwa mzaha. Katika darasa lako wamo watu ambao jambo hili limewagusa wiki hii.

JUMAPILI: Usiku Mmoja Bagamoyo

Ndugu mmoja na mkewe, washiriki wa kanisa letu kutoka Kanda ya Ziwa, walisafiri hadi Bagamoyo. Mume ni mwalimu na ni shemasi. Alikuwa na semina ya siku nne. Mke alifuatana naye kwa sababu katika miaka tisa ya ndoa hawakuwahi kupumzika pamoja hata siku mbili, na kwa sababu mwaka ule mimba yao ilikuwa imeharibika kwa mara ya pili. Mtoto wao mmoja, wa kike, walimwacha kwa bibi yake. Habari hii walinisimulia wenyewe, kwanza kila mmoja peke yake, baadaye pamoja, nao wameniruhusu niiandike bila majina.

Gesti walizoelekezwa zilikuwa zimejaa. Wakapata chumba katika nyumba ya kale ya mawe iliyogeuzwa kuwa ya kulala wageni. Waliofika mji mkongwe wa Bagamoyo wanazijua nyumba za aina hiyo: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari la boriti za mikoko, mlango mzito wa kuchonga. Mchana hupendeza. Lakini kijana wa bodaboda aliyewaleta aliwaambia, kama utani, kwamba humo ndani walikuwa wakifungiwa watumwa, “na wengine hawajatoka.”

Usiku umeme ukakatika. Kitu kikaanza kukwaruza juu ya dari. Kisha ikasikika sauti kali ya kupasua masikio, mara mbili, juu ya paa. Baadaye mlango wa chumba, waliokuwa wameufunga, ukafunguka taratibu huku ukilia. Mke akainuka kwenda kuufunga. Saa ileile mume akafumbua macho. Hakuweza kuinua mkono wala kutoa sauti. Kifua kilikuwa kimeelemewa kana kwamba mtu amekikalia, na karibu na mlango kilisimama kivuli cha mwanamke. Alipoweza kusogea alipiga yowe. Mkewe akamkimbilia, naye akamsukuma mbali.

Asubuhi hakumjulia hali. Walipomaliza kunywa chai akamwuliza, “Ulikuwa unafanya nini pale mlangoni usiku?”

“Nilikuwa nafunga mlango, Baba. Ulifunguka.”

“Ulikuwa unaufunga, au ulikuwa unatoka?”

Yeyote aliyekulia kwetu anajua swali hilo lina maana gani. Mchawi ndiye anayetoka usiku.

Kulipokucha vizuri mke alimwendea mzee anayeitunza nyumba, akamwamkia shikamoo, akamweleza. Mzee hakucheka. Alileta ngazi na tochi, akawaonyesha. Darini walining'inia popo, wengi sana. Kwenye pembe ya paa kulikuwa na kiota cha bundi wa kahawia na mweupe, yule ambaye halii kwa mlio mzito bali hupiga ukelele. Mzee alisema hamfukuzi kwa sababu anamaliza panya. Mlango nao ulikuwa umevimba kwa unyevu wa bahari, komeo halishiki, na upepo wa usiku huusukuma. Kulikuwa na gogo dogo la kuuzuilia, lakini wageni husahau kuliweka.

Kuhusu kifua kuelemewa, Waswahili wana jina lake: jinamizi. Madaktari wanalifahamu vizuri. Mtu anapoota, mwili hulegezwa ili asizitende ndoto zake. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa, na kwa sekunde kadhaa au dakika chache mtu huona chumba lakini hawezi kusogea, na ndoto huendelea kuchanganyika na anachokiona. Huwapata zaidi waliochoka, waliokosa usingizi, na wanaolala chali. Mwalimu yule alikuwa amesafiri siku mbili kwa basi. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 1995, hofu ya popobawa ilipoenea Pemba na Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi. Wataalamu waliochunguza masimulizi ya walioshambuliwa wameona ndani yake dalili hizi hizi za jinamizi.

Basi popo wakaeleweka, bundi akaeleweka, na mlango pia. Kama jambo lingekuwa ni nyumba tu, somo letu lingeishia hapa.

Je, umewahi kupata maelezo kamili ya kitu kilichokutisha, na bado hofu isiondoke? Unadhani ni kwa nini?

JUMATATU: “Mahali Hapa”

Soma Mwanzo 20. Abrahamu na Sara wako ugenini tena, huko Gerari. Abrahamu anaogopa, na kwa hofu hiyo anamwambia kila mtu kwamba Sara ni dada yake. Abimeleki anamchukua Sara. Angalia ni nani anayelala katika nyumba ya ajabu usiku ule. Aliyeogopa amebaki hemani kwake, na mkewe ndiye aliyelipa gharama ya hofu ile.

Abimeleki anapomwuliza ameona nini hata akatenda hivyo, Abrahamu hana alichokiona. Katika fungu la 11 anasema tu alivyodhani: mahali pale hapana watu wamchao Mungu, nao watamwua kwa ajili ya mkewe. Lakini soma fungu la 8. Abimeleki aliamka asubuhi na mapema, akawaambia watumishi wake yote, nao wakaogopa sana. Hofu ya Mungu ilikuwepo Gerari, na usiku ule ilionekana zaidi katika nyumba ya mfalme kuliko katika hema la nabii. Abrahamu alikuwa ameihukumu nyumba kabla hajaingia.

Fungu la 13 linatupa habari ambayo ni rahisi kuiruka. Mpango huo haukuanza Gerari. Walipatana tangu walipoanza kusafiri kwamba kila mahali watakapofika Sara atasema ni ndugu yake. Hofu ile ilikuwa imefungashwa pamoja na mizigo tangu nyumbani. Gerari ulikuwa ni mji wa kuifungulia tu. Na ukisoma Mwanzo 26:7 utaona Isaka akifanya jambo lilelile kwa mke wake, katika mji uleule. Watoto huturithi hofu zetu hata tusipowafundisha.

Tunaweza kurudi nyuma zaidi, Mwanzo 3:10-12. Neno la kwanza la Adamu baada ya dhambi ni kwamba aliogopa. Neno lake linalofuata, alipoulizwa, ni kumwelekezea mkewe kidole. Kati ya hofu na lawama hakuna hata sentensi mbili.

JUMANNE: Waliofungwa Pale

Soma Mhubiri 9:5, 6, 10 na Yohana 11:11-14.

Neno la kijana wa bodaboda linahitaji kujibiwa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji. Walifikishwa pale maelfu ya watu waliokamatwa bara, wengine wakiwa wamebeba pembe za ndovu, ili wavushwe kwenda Zanzibar. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Kwa hiyo zipo nyumba na viwanja katika pwani yetu ambako watu waliteseka kwa namna ambayo hatuwezi kuisoma bila kunyamaza kwanza.

Lakini nusu ya pili ya neno lake, kwamba wengine hawajatoka, si kweli, na tena ni dhuluma. Watu wale walinyang'anywa nyumba zao, majina yao na watoto wao. Sasa sisi, wajukuu wa ndugu zao, tunawageuza kuwa mizimu ya kutisha wageni wa gesti! Maandiko yanasema wamelala. Hawajui neno lolote, hawana kisasi na mwalimu aliyechoka, wala hawakwaruzi dari. Wanangoja sauti ya Yule ambaye hakuna mnyororo unaomzuia. Mshiriki anayeelewa fundisho hili anaweza kuingia katika nyumba ya namna ile akawa na huzuni na heshima, na bado akalala.

Nadhani hapa ndipo tunapokosea katika kulifundisha fundisho la hali ya wafu. Tunalitumia kama rungu la kuwashindia wengine katika mjadala, halafu hatulipeleki chumbani. Wapo pia wahubiri wanaokosea kwa upande wa pili, ambao kila mlio kwao ni pepo. Nimeona watu wakikemea usiku kucha kitu ambacho asubuhi kilitolewa kwa ufagio.

Sasa soma Marko 6:45-52. Wanafunzi wako katikati ya bahari, usiku, wamechoka kwa kuvuta makasia. Wanamwona mtu akija juu ya maji, wote wanadhani ni kivuli, wanapiga yowe. Yule waliyemdhania kuwa kivuli ndiye aliyekuwa anakuja kuwasaidia. Mwalimu yule alipoisoma habari hii mbele yangu aliishia fungu la 50, akafunga Biblia. Mwanamke aliyesimama pale mlangoni alikuwa ameinuka ili yeye asipigwe na baridi.

JUMATANO: Kilichofichwa Katika Matandiko

Soma Mwanzo 31:19, 30-35.

Hatujafika bado kwenye kiini cha kisa cha Bagamoyo. Usiku wa pili mke alitafuta tochi katika begi la mumewe. Katika mfuko wa ndani akagusa kitu kidogo kigumu kilichoshonewa ndani ya kitambaa cheusi. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Akakiweka kitandani kati yao, akauliza, “Hii umebebea barabara, au umebebea mimi?”

Mume hakujibu upesi, na kule kukawia kulikuwa jibu.

Baada ya mimba ya pili kuharibika, shangazi yake alimwita kando. Akamkumbusha kwamba bibi mzaa mama wa mke wake alikuwa na macho mekundu, na kwamba kijijini kwao watu walikuwa wakimsema. Akampa hirizi, akamwambia asimwonyeshe mkewe. Mume alijiambia kwamba haamini mambo hayo, anaichukua tu ili asimkosee shangazi. Lakini hakuitupa. Aliiweka begini miezi saba. Shemasi, mwalimu wa Shule ya Sabato, mtu ambaye mwaka jana aliongoza somo la Danieli darasani bila kutazama mwongozo.

Ni lazima tuseme waziwazi juu ya macho mekundu, kwa maana katika mikoa ya Kanda ya Ziwa akina mama wazee wameuawa kwa sababu hiyo. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni, au kwa kinyesi cha ng'ombe pale kuni zinapokosekana, katika jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho mekundu. Ni moshi. Ni alama ya kwamba aliwalisha watu wengi. Na mimba nyingi zinazoharibika katika miezi ya mwanzo huharibika kwa sababu chembe za urithi za mtoto hazikupangika sawasawa tangu siku ya kwanza, jambo ambalo si baba wala mama wala jirani amelifanya. Nyingine husababishwa na malaria au maradhi mengine yanayoweza kutibiwa. Wenzi waliopatwa na jambo hilo wanahitaji hospitali na faraja. Anayewapelekea hirizi anawaongezea msiba wa pili.

Sasa turudi kwa Raheli. Aliiba miungu ya nyumbani ya baba yake, akaificha katika matandiko ya ngamia, akaikalia. Biblia haisemi kwa nini aliiiba. Huenda alitaka ulinzi wa njiani, huenda aliwaza urithi. Inachosema, katika fungu la 32, ni kwamba Yakobo hakujua. Akiwa hajui, akatamka neno la kifo juu ya yeyote atakayekutwa nayo, na aliyekuwa nayo ni mke aliyemtumikia miaka kumi na minne kumpata. Ndivyo siri ya namna hii inavyofanya kazi ndani ya ndoa. Humfanya mmoja awe mwongo na mwingine awe hakimu, bila yeyote kujua nafasi aliyosimama.

Walisafiri na miungu ile mpaka Mwanzo 35. Hapo Yakobo anawaambia watu wa nyumbani mwake waitoe miungu migeni iliyo kwao. Fungu la 4 linasema walimpa yote iliyokuwa mikononi mwao, na pete zilizokuwa masikioni mwao, naye akavificha chini ya mwaloni ulioko Shekemu. Wachunguzi wengi wa Biblia wanaamini pete zile zilivaliwa kama kinga, ndiyo maana zinatajwa pamoja na miungu. Tazama kwamba ilifanyika mbele ya nyumba nzima. Hakuna aliyeambiwa akatupe kimyakimya. Waefeso walioamini walifanya vivyo hivyo (Matendo 19:18, 19): kwanza waliyadhihirisha matendo yao, ndipo wakachoma vitabu.

Mke yule aliniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema, “Mchungaji, jumba halikunitisha. Nilitishwa na kujua kwamba nimelala miezi saba na mtu anayejikinga nami.” (Mimi si mchungaji, ni mtumishi wa idara ya elimu, lakini katika saa kama hiyo mtu hasahihishi.)

Kwa nini Raheli aliweza kumwomba Mungu wa Yakobo mtoto, na bado akahitaji miungu ya Labani? Ni katika jambo gani la maisha yetu tunafanya hivyo hivyo?

ALHAMISI: Mke wa Manoa

Soma Waamuzi 13 yote.

Hawa nao ni wenzi walio na hofu, na hofu yao ilikuwa na sababu kubwa kuliko popo. Lakini habari yao inakwenda njia nyingine, na inafaa tuifuate polepole.

Mke wa Manoa alikuwa tasa. Katika vijiji vingi, vya wakati ule na vya leo, hiyo ingetosha kumfanya mshukiwa. Malaika wa Bwana anamtokea akiwa peke yake. Fikiri jinsi jambo hilo lingeweza kupokewa: mwanamke asiye na mtoto anamwambia mumewe kwamba mtu asiyejulikana, mwenye sura ya kutisha, amemjia na kumwahidi mimba. Manoa hamwulizi alikuwa anafanya nini huko. Katika fungu la 8 anaomba, na ombi lake ni kwamba yule mtu aje tena kwao wote wawili awafundishe. Malaika anaporudi, tena ni kwa mke, shambani, mume hayupo. Mke anafanya nini? Anakimbia kumwita. Hakuna kinachofichwa katika matandiko ya nyumba ile.

Baadaye, moto unapopanda kutoka madhabahuni na malaika kupaa ndani ya mwali, Manoa anavunjika moyo. Fungu la 22: anamwambia mkewe kwamba hakika watakufa. Huyu ndiye mtu aliyeomba vizuri hivyo mafungu machache yaliyopita. Imani ya asubuhi inaweza kukuishia jioni, hata wewe mzee wa kanisa.

Mkewe hamcheki wala hamwambii kwamba hakuona alichokiona. Vilevile haanzi kuogopa pamoja naye ili kumfurahisha. Anahesabu. Kama Bwana angetaka kutuua, anasema kwa jinsi yake, asingeipokea sadaka mikononi mwetu. Asingetuonyesha mambo haya. Asingetuambia habari hizi wakati huu. Anachukua mambo matatu ambayo Mungu ameyafanya tayari, mambo ambayo mumewe naye aliyaona, anayaweka mbele yake kama mtu anayehesabu fedha mezani. Biblia haikutuachia jina lake, lakini imetuachia namna anavyofikiri.

Watu hudhani kinyume cha hofu ni ujasiri, yaani kifua mbele. 1 Yohana 4:18 inasema ni upendo. Upendo wa mke huyu una akili ndani yake, na una subira.

Wale wawili wa Bagamoyo hawakulala usiku wa pili. Walikaa kitandani mpaka alfajiri, gogo likiwa limewekwa mlangoni. Mume alisema yote: shangazi, bibi, macho mekundu, miezi saba. Mke alilia kwa muda mrefu na kwa hasira, si kwa huzuni tu. Baadaye, wanasema, ni yeye aliyeanza kuhesabu. Alimkumbusha mwaka alipolazwa kwa homa ya matumbo, na nani aliyelala sakafuni hospitalini. Alimkumbusha mtoto wao alipozaliwa kabla ya wakati, na jinsi walivyopokezana kumweka kifuani. Kisha akamwuliza, “Mungu aliyefanya hayo, unafikiri aliniweka ndani ya nyumba yako ili nikumalize?”

Hirizi waliichoma waliporudi nyumbani, uani, wakiwa wote wawili. Halafu mume alifanya jambo lililokuwa gumu zaidi kuliko kuichoma. Alimchukua mkewe wakaenda kwa shangazi. Alimwamkia kwa heshima zote, akaketi, akamwambia kwamba kile kitu hakipo tena, na kwamba hatasikia tena neno juu ya bibi wa mke wake. Shangazi hakufurahi, na mpaka naandika hajafurahi. Bado wanamtembelea. Mke anasema hofu yake ya kutazamwa usiku haijaisha yote, na mumewe amejifunza kuamka kwanza yeye pale mlango unapolia.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma tena Waamuzi 13:22, 23 na Zaburi 121, ukimsomea mwenzi wako kwa sauti baada ya ibada ya kufungua Sabato. Kama huna mwenzi, msomee mtu unayekaa naye. Linganisha Mwanzo 28:10-17, ambapo Yakobo, mgeni aliyelala mahali asipopajua, aliamka akiogopa na kusema mahali pale panatisha. Kilichompa hofu ni kugundua kwamba Bwana alikuwapo pale usiku kucha, naye hakujua.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasani, jadilini tofauti kati ya kuamini kwamba mapepo yapo na kuyahesabia kila jambo tusilolielewa. Ni mambo gani ya kawaida katika eneo lenu (milio, ndoto, magonjwa, wanyama wa usiku) ambayo washiriki bado huyapa maana ya kishirikina? Nani kati yenu anajua maelezo yake?

2. Mume au mke anapoogopa, mara nyingi mwenzake humcheka au humkemea kwa mafungu. Mke wa Manoa hakufanya lolote kati ya hayo. Mwenzi aliyeokoka na hofu hii amsaidieje mwenzake ambaye bado hajaokoka nayo?

3. Mwalimu yule alipokea hirizi kwa sababu hakutaka kumkosea shangazi. Heshima kwa wazee ni amri. Je, angeweza kukataa kwa maneno gani siku ile ile, bila kumvunjia shangazi heshima? Jaribuni kuyasema maneno hayo darasani, mmoja awe shangazi.

4. Kuna mama mzee katika kanisa lenu au kijiji chenu anayesemwa? Ni lini mara ya mwisho mtu wa kanisa alikula chakula nyumbani kwake? Amueni kabla ya kufunga darasa ni nani atakayekwenda juma hili.

5. Swali hili si la kujibiwa darasani. Katika begi lako, kabati lako, au simu yako, je, kuna kitu cha kujikinga ambacho mwenzi wako hajui kwamba unacho?